Kalibu ya Mguu wa Kulia

Mdomo wa Msumari haukukosa misumari, ndiyo maana wakamwita hivyo. Akiwa anagongelea soli aliibana midomoni, midogo midogo, na ukimwuliza jambo alikujibu bila kuitoa, ukasikia nusu ya jibu na nusu ukajijazia mwenyewe. Mkewe alikaa mbele yake kwenye cherehani ya ngozi, karibu na mlango palipo na mwanga, akishona sehemu za juu za viatu. Huyo walimwita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake.

"Ukitaka kiatu ongea na mume," fundi saa wa chumba cha jirani alikuwa akiwaelekeza wateja. "Ukitaka ukweli ongea na mke. Ila ukweli wa pale haurudishwi ukishauchukua."

"Nakusikia, shemeji!" Sindano alimjibu bila kuinua macho. "Tengeneza kwanza hiyo saa yako ya ukutani. Tangu juzi kwako ni saa sita."

Kazi ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja akikosekana hakuna kiatu. Mume alikata na kuvuta ngozi, mke akashona. Cherehani yenyewe ilikuwa nzito, ya kukanyaga, na ngozi si kitambaa, haitaki mguu unaokurupuka. Mguu wa kulia wa Sindano ulijua kwenda polepole penye kona na kuachia penye mstari ulionyooka: kisigino chini, vidole chini, kisigino, vidole. Hakuna kiatu kilichotoka katika chumba kile bila kupita chini ya mguu huo. Ukimwuliza anafanya kazi gani hakusema mshonaji. Alisema, "Nakanyaga."

Nyuma ya Msumari palikuwa na rafu ya kalibu. Kalibu ni mguu wa mbao. Fundi huvuta ngozi juu yake, akaigongelea, akaiacha ikauke mpaka ikubali umbo. Kalibu nyingi zilikuwa za namba, za watu wote, maana yake si za mtu yeyote. Lakini jozi moja ilining'inia peke yake kwenye ndoano juu ya meza, na hiyo ilikuwa ya Sindano. Mteja akiigusa, Msumari alikohoa.

Walikutana kwa ajili ya miguu hiyo. Sindano alikuja msichana, ameshika viatu mkononi, vyote vimelala upande wa ndani kama watu wawili waliolewa wakaegemeana. Alikanyaga sakafu yenye vumbi la ngozi akaacha alama ya unyayo mzima, hauna uwazi katikati, kama alama ya pasi.

"Aisee," Msumari akasema, akiwa kijana bado, misumari mdomoni. "Mguu huu ungepiga pasi shati bila moto."

"Na wewe hata ukipigwa pasi yenye moto huwezi kunyooka," msichana akamjibu. "Unatengeneza au unatazama?"

Alitengeneza. Kiatu cha kwanza alimshonea ili arudi, cha pili kwa sababu alirudi, cha tatu akiwa mkewe. Na kwa ajili yake ndipo alipojifunza kuchonga kalibu, kwa maana hakuna kalibu ya namba iliyoukubali mguu ule. Alikuwa na haki ya kujivuna. Watu wenye nyayo kama zile huvaa ndara maisha yao yote, au huvaa viatu wakilia. Sindano alivaa viatu vya kufunga kamba, vyeusi, vyepesi, na hakuwahi kupata lengelenge.

Mwaka mmoja, binti yao akiwa bado wa kubebwa, Sindano alisema mguu wa kulia unamuuma jioni, hapa kwa ndani, chini ya kifundo. Msumari hakungoja amalize. "Lete," akasema. Alipapasa, akakuta mfupa umejitokeza kidogo mahali ambapo zamani palikuwa laini. Akachukua kipande cha ngozi, akakinoa kikawa chembamba kingoni, akakigandisha kwa gundi juu ya kalibu ya kulia, mahali pale pale. Akapiga msasa. Kiatu kipya kikatoka na nafasi ya mfupa huo, na chini yake akaweka kabari ya ngozi ngumu ya kuuinua. Kesho yake Sindano akavaa, akatembea chumbani, akacheka. Hauumi.

Basi ikawa desturi yao. Mguu ukisema neno, Msumari anaacha viatu vya wateja, anaongeza gamba la ngozi juu ya kalibu, kiatu kinatoka kipya. Kuna wanaume huwaletea wake zao maua na kuna wanaume huwaletea maneno. Huyu aliongeza gamba.

Baada ya miaka mingi binti yao alifungua saluni yake mwenyewe, yenye vioo ukuta mzima. Siku ya ufunguzi alimletea mama yake viatu vya dukani, vyekundu, vya ngozi nyororo, ndani ya boksi.

"Leo tu, mama. Watu watapiga picha. Utakuja kwangu na viatu vya mlinzi?"

Msumari alivishika, akavikunja, akavinusa. "Viatu vya dukani," akasema, "ni kama jeneza. Vinamtosha kila mtu kwa sababu hakuna anayerudi kulalamika."

"Baba, usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza."

Sindano alivivaa kwa ajili ya binti yake. Alisimama navyo mlangoni kupokea wageni, akasimama kwa ajili ya picha, akasimama wakati wa hotuba. Hotuba ikiwa katikati alishika bega la mgeni wa mbele yake, akakaa chini sakafuni, mbele ya vile vioo vyote, na uso wake ukawa na rangi ya majivu. Walipomvua kiatu cha kulia, kifundo kilikuwa kimevimba na unyayo umelala kabisa upande wa ndani, kana kwamba mguu ulitaka kutoka chini ya mwenyewe ukaenda zake.

"Unaona?" Msumari alimwambia binti. "Unaona viatu vyako?"

Binti alilia.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa kama ya seremala. Aliziweka picha za mguu ukutani penye mwanga, akazitazama muda mrefu, kisha akachukua mfano wa mguu wa plastiki kutoka kwenye droo, akautenganisha kama mtu anayemenya chungwa. Alibaki na mfupa mmoja kiganjani.

"Huu ndio mfupa wa kifundo. Mwili wote unatua hapa kwanza, ndipo mzigo unagawanywa, huku kisigino, huku vidole. Na hauna msuli hata mmoja ulioushika. Umekaa tu katikati, unawategemea majirani."

"Kama mwenyekiti," Sindano akasema kutoka kitandani.

"Kama mwenyekiti, mama. Hafanyi kitu, lakini akianguka, kikao kimekwisha." Akaugeuza mfupa juu chini. "Hapa chini ndipo anapokalia kisigino. Kwa watu wengi pamekaa wima vizuri. Kwako pamelala upande. Ulizaliwa hivyo."

"Mama yangu alikuwa hivyo. Na bibi."

"Basi ni urithi. Lakini tusiulaumu urithi peke yake. Unyayo bapa si ugonjwa, wako wanaokimbia nao mpaka uzeeni. Shida inaanza ukano huu unaopita nyuma ya kifundo ukichoka. Hiyo ndiyo kamba inayoinua unyayo. Ukilegea, kichwa cha mfupa kinateleza, kinaenda chini na ndani." Akagusa uvimbe wa Sindano kwa kidole. "Ndicho hiki."

Msumari alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Na huko juu, daktari? Panapokutana na mguu?"

Daktari alimtazama kidogo, kisha akaugeuza mfupa tena. "Juu una mgongo wa mviringo, kama mgongo wa pipa. Juu ya huo ndipo mguu unapanda na kushuka. Unyayo ukilala muda mrefu, mfupa wote unainama ndani ya nyumba yake, na mgongo unaanza kulika upande mmoja. Itabidi tupasue."

"Sema kwa mguu wangu, mwanangu," Sindano akasema. "Mimi nakanyaga cherehani. Kisigino, vidole. Baada ya hicho kisu chako, nitakanyaga?"

"Hilo ndilo sijui. Viungo vya chini vimekwisha, hivyo lazima nivifunge kwa skrubu, vishikane viwe kitu kimoja. Hutageuza tena unyayo kulia na kushoto, utalikosa hilo kwenye mawe tu. Lakini cha juu ndicho cha cherehani. Picha haisemi vizuri. Nikifungua nikakuta mgongo wa mfupa bado mviringo, nauacha unaishi. Nikikuta umelika, nitaufunga nao. Mguu hautauma, lakini hautapanda wala kushuka." Akaurudisha mfupa mahali pake. "Ulianza kuuma lini?"

"Kwenye ufunguzi wa saluni," Msumari akajibu upesi. "Ni viatu vya dukani."

"Hapana, mzee wangu. Mguu hauanguki hivi kwa hotuba moja, hata iwe ndefu. Huu umeanza zamani. Nileteeni viatu alivyovaa miaka ya nyuma, mkija siku ya vipimo. Kiatu hukumbuka mambo ambayo mwenye mguu ameyasahau."

Wakaenda nyumbani, na kwa siku zote zilizobaki Msumari alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Hatimaye mtu mwenye elimu alikuwa ameomba kuona kazi yake. Alivitafuta viatu vya zamani chini ya kitanda na juu ya kabati, akavipaka rangi, akavisugua. "Unavipeleka hospitali au harusini?" Sindano alimwuliza. Mwisho kabisa akaitoa kalibu ya kulia kwenye ndoano, akaifunga kwa kitambaa.

Daktari alivipanga viatu juu ya meza, akavigeuza kimoja kimoja akiangalia soli. Alikunja uso.

"Ajabu. Mguu uliolala hula soli upande wa ndani. Hizi zimelika sawasawa pande zote. Viatu hivi havisemi kitu. Ni vya mtu mwenye mguu mzima."

Msumari alitabasamu mpaka masikio yakasogea. "Ni kazi ya mikono hii, daktari."

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye fundi, na mimi ndiye mume." Akafungua kitambaa. "Siri iko hapa. Mfupa ukitoka, mimi naongeza ngozi juu ya kalibu, nafasi yake inapatikana. Ndani ya kiatu naweka kabari, kiatu kinasimama wima hata kama mguu umelala. Mguu ukisogea, mimi nasogea nao. Hajawahi kupata lengelenge, muulize mwenyewe."

"Kweli," Sindano akasema. "Hata moja."

Daktari aliipokea kalibu. Upande wa ndani ilikuwa na magamba ya ngozi yaliyopandana, moja juu ya jingine, ya chini yameiva meusi, ya juu bado ya kahawia. Alipitisha kidole gumba juu yake kama mtu anayehesabu pete za mti uliokatwa.

"Hili la chini la lini?"

"Binti alikuwa anabebwa mgongoni," Sindano akasema.

"Na hili?"

"Tulipohamia chumba tulicho nacho sasa."

"Hili?"

"Alipoingia sekondari," Msumari akasema. "Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nashona viatu vyake vya shule, nikaviacha kwanza."

"Hili?"

"Mama yangu alipofariki," Sindano akasema. "Nilisimama sana siku zile."

Daktari hakuuliza la juu yake, wala la juu ya hilo. Alirudi chini na kidole chake kikasimama kwenye gamba la chumba kipya. Kikakaa hapo. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia, kikapita, kikaishia.

"Mguu huu ungenifikia hapa," akasema taratibu, "viungo vyote vilikuwa vizima. Ukano tu ndio uliochoka. Ningekikata kisigino, nikakisogeza ndani upana wa kidole. Ningeazima ukano mmoja wa vidole ukafanye kazi ya huu. Plasta, magongo, ukarudi kwenye cherehani yako unapiga mluzi. Hata hapa, kwenye sekondari, labda."

"Lakini hakuumwa," Msumari akasema. "Daktari, hakuumwa."

"Ndiyo, mzee wangu. Sikulaumu. Nimeona mafundi wabaya wengi, na wateja wao huja kwangu mapema, wanachechemea, wananung'unika. Kiatu chako ni kizuri mno." Aliiweka kalibu mezani, akaifunika kwa kile kitambaa, kwa heshima, kama mtu anayefunika uso. "Hakikumuuma alipotakiwa aumwe."

Walirudi dukani. Fundi saa aliwaona wakiingia, akafungua mdomo kutania, akaufunga. Msumari aliketi mezani pake. Hakuchukua nyundo wala msumari. Mdomo wake mtupu ulionekana mdogo, wa mzee.

"Sema basi," Sindano akamwambia. "Leo nasikia maneno yako yote, nimengoja siku hii tangu nilipoolewa."

Hakucheka.

"Uliniambia," akasema. "Ulikuja na habari za mguu, nikakujibu habari za kiatu. Kila mara. Siku ile ya kwanza hata hukumaliza kusema. Ulitaka kusema nini?"

"Nani anakumbuka? Kwamba unauma."

"Hapana. Baada ya hapo."

Sindano alilinyoosha goti, akauweka mguu wake mbovu juu ya kigoda. "Nilitaka kusema labda niende zahanati. Lakini ulikuwa umeshashika kisu, na uso wako umefurahi. Ningekuambia nini? Na mimi nina ulimi. Mtaa mzima wananiogopa. Ningeshindwa kusema mara ya pili? Niliona raha, Msumari. Mwanamke gani ana mume anayeacha kazi za watu kila akisema ah? Wengine husema ah mpaka wanazikwa. Nilikuwa naringa nalo. Kila gamba nilikuwa naringa nalo kisimani."

Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, kuliko la daktari. Angetukanwa angejua la kufanya.

Siku ya upasuaji walimchoma nusukaputi, naye akiwa anasinzia akamwambia daktari asishone kama mlevi, yeye atazikagua nyuzi. Msumari na binti wakakaa kwenye benchi la korido. Binti alikuwa ametoka saluni na vazi lake la kazi, nywele za watu zimemganda mikononi.

"Baba, mimi ndiye niliyemletea vile viatu."

"Vile viatu," Msumari akasema, "ndivyo vilivyosema kweli. Siku nzima moja tu, vikasema yote. Mimi nimemvika viatu vya uongo tangu hujajua kutembea."

"Usiseme hivyo. Mama alikuwa anatembea. Wenzake wote wa umri wake..."

"Nilivitukana mbele ya watu. Nikavinusa hata."

Binti akamshika mkono. Wakakaa hivyo wakitazama mlango wenye kioo cha ukungu.

Daktari alipotoka alikuwa ameshusha kitambaa cha mdomo chini ya kidevu. Alikaa nao kwenye benchi, na kwa kule kukaa tu Msumari akaelewa.

"Mgongo wa mfupa umelika nusu ya nje yote. Ile gegedu laini inayozuia mifupa kusuguana haipo kabisa, ni mfupa kwa mfupa. Ningeuacha, angerudi kwangu analia kabla hata ya plasta kusahaulika. Nimeufunga juu na chini. Mguu utakaa wima, mzee wangu. Utabeba mwili. Hautauma."

"Na cherehani?"

Daktari alitikisa kichwa. "Sio kwa mguu huo. Mguu wa kushoto mfupa ni ule ule, umelala vile vile, ila ukano bado una nguvu na viungo ni vizima. Huo tuulinde. Ukianza kusema, nataka niwe wa kwanza kusikia."

Plasta ilikaa, ikabadilishwa, ikakaa tena, mpaka mifupa ikashikana. Sindano alijifunza magongo, akavunja kikombe kimoja na kioo kimoja cha fundi saa, akamwambia afadhali, sasa angalau kuna kitu kimesogea dukani mwake. Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba, umenyooka, una upinde. Msumari aliutazama kama mtu aliyeletewa mgeni na kuambiwa huyu ni mkeo. Hakikuwapo tena kivimbe cha ndani. Kalibu ya kulia haikuwa ya mtu tena.

Daktari alimwelekeza Msumari kiatu cha mguu ule kinachofaa: soli nene, ya mviringo chini kama mguu wa kiti cha bembea, ili mwili ubingirike mbele mahali kifundo kinapokataa. Msumari alikichonga vizuri, akakishona kwa mkono, na Sindano akatembea. Ukimwona kwa mbali barabarani usingejua. Ukimwona dukani, ungejua.

Kwa maana pale mlangoni cherehani ilikuwa imefunikwa. Siku ya kwanza aliyoifunua alijaribu mguu wa kulia, kwa ukaidi tu. Pedali ilikwenda chini kwa uzito wa paja, ikagoma kurudi. Akajaribu wa kushoto. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika, kisha likakimbia, na mstari wa nyuzi ukatoka umeyumba kutoka kona hadi kona.

"Huyo amelewa anarudi kwake," fundi saa akasema mlangoni.

"Na kwake amesahau," Sindano akasema. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mguu wa kushoto haukusoma shule hiyo, na mwalimu alikuwa amefungwa kwa skrubu.

Lakini hakuacha. Alishona mabaki ya ngozi, mistari na mistari, wa kushoto ukijifunza kama mtoto mzito wa darasani. Msumari alikuwa anageuza uso asione. Wateja waliotaka viatu vipya aliwaambia wangoje, wengine hawakungoja. Na kila jioni alitaka kuuliza kuhusu mguu ule wa kushoto, akashindwa, kwa kuwa hakuijua njia ya kuuliza bila mikono.

Siku moja Sindano mwenyewe aliishusha kalibu ya kushoto kutoka kwenye ndoano. Nayo ilikuwa na magamba, machache.

"Ng'oa," akamwambia.

"Ning'oe nini?"

"Yote. Uache mbao tupu kama ulivyoichonga nilipokuwa msichana. Na usiweke kabari."

"Kitakubana, mke wangu."

"Nataka kinibane. Huu ndio mguu ninaokanyagia sasa, sina mwingine. Nataka kiatu ambacho mfupa ukisogea, kinanipigia kelele."

"Siwezi kutengeneza kiatu kibaya."

"Hukuambiwa kibaya. Umeambiwa kisidanganye."

Aling'oa. Gundi ya zamani ililia kidogo, magamba yakatoka na harufu ya miaka, akayaacha sakafuni. Akavuta ngozi juu ya mbao tupu. Kila mkono wake ulipotaka kulegeza pale kwa ndani, aliurudisha. Kilikuwa kiatu kigumu kuliko vyote alivyowahi kushona, ingawa kilikuwa rahisi, kiatu cha mwanafunzi.

Asubuhi ya tatu ya kukivaa, Sindano alikaa kwenye cherehani na mguu wa kushoto, akashona mpaka jua lilipotoka mlangoni. Mistari yake ilikuwa imeanza kunyooka. Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

Msumari aliinuka kabla hajaitwa. Alipiga magoti mbele yake, akakishika kiatu, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe upande wa ndani, chini ya kifundo, kikasimama.

"Kinabana?"

"Kinabana."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Tangu juzi, lakini leo zaidi."

Mkono wake wa pili ulikuwa umeshachukua kisu juu ya meza. Kukata kidogo tu, kulegeza mshono mmoja, kazi ya muda wa kunywa chai. Uso wa mkewe ungefunguka, angecheka, angekanyaga mpaka magharibi. Alijua jinsi angecheka. Sindano alimtazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa na utani wowote machoni.

"Endelea," Msumari akasema. Sauti yake ilikuwa safi, haina msumari hata mmoja. "Siku ile sikukuacha umalize. Unauma, halafu?"

"Halafu nataka kwenda hospitali."

"Kesho asubuhi tunakwenda."

"Kesho asubuhi," Sindano akasema.

Akakirudisha kisu mezani, akakaa sakafuni mbele yake, mikono yake juu ya magoti, akaitazama ile ngozi inavyombana mkewe, asiiguse.